Robert Taylor, Aliyewafunza Wataalamu Namna ya Kuhitilafiana

Nyuma ya kila ujumbe unaotufikia simuni kutoka kwa jamaa aliye mbali, umo mchango wa mtu ambaye wengi wetu hatujapata kumsikia. Naye ni Robert Taylor, aliyezaliwa Dallas, Marekani, mwaka 1932, akalelewa tangu mchanga na mchungaji wa Kimethodisti na mkewe. Hakusomea kompyuta, shahada zake zilikuwa za saikolojia.

Mwaka 1966 alikabidhiwa ofisi ya utafiti wa kompyuta katika shirika la ARPA, chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ofisini mwake zilikuwamo mashine tatu, kila moja ikiwa imeunganishwa na kompyuta ya mbali: ya chuo cha MIT, ya Berkeley na ya Santa Monica. Kila moja ilikuwa na amri zake. Akizungumza na mtu wa Santa Monica, kisha akataka kumuuliza wa Berkeley, hana budi kuinuka kiti kimoja akahamia kingine. Akajiuliza: kwa nini isiwepo mashine moja ifikayo kote? Akamwendea mkubwa wake, Charles Herzfeld, na baada ya mazungumzo ya takriban dakika 20 akatoka na dola milioni moja. Ndiyo asili ya mtandao wa ARPANET, uliopitisha ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969 na kuitangulia intaneti. Wapo wadaio kuwa ulibuniwa ili uhimili vita vya nyuklia; Taylor mwenyewe aliikanusha kauli hiyo.

Lakini kilichotuvuta sisi zaidi ni vikao vyake. Mwaka 1970 alihamia kituo cha utafiti cha Xerox, Palo Alto. Huko watafiti walikusanyika kila wiki, wameketi juu ya magunia laini, mmoja akileta wazo na wenziwe wakilichambua bila ya kumwonea haya. Taylor aliigawa mikinzano mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, hakuna awezaye kuieleza hoja ya mwenzake. Katika la pili, kila mmoja huieleza hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri kuwa ndivyo alivyokusudia. Hakuwashurutisha kukubaliana, kazi yake ilikuwa kuwatoa fungu la kwanza na kuwafikisha la pili. Sisi tuandikao kumbukumbu za vikao tunajua ni ajenda ngapi zilizokwama katika fungu lile la kwanza. Maabara hiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 1973, kompyuta ya Alto yenye kipanya na kioo cha kuonyesha picha.

Ajabu ni kwamba ustadi huo haukumfaa mbele ya wakubwa wake. Alikwaruzana nao, akajiuzulu mwaka 1983, na watafiti kadhaa wakamfuata katika kampuni ya Digital Equipment Corporation. Huko aliongoza kituo kipya hadi alipostaafu mwaka 1996. Alifariki dunia Aprili 2017, nyumbani kwake Woodside, California, akiwa na umri wa miaka 85.