Betri Zisizotoka Kwenye Chaji

Katika mialo ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe, uvuvi wa dagaa hufuata giza: mwezi uwapo mpevu nuru ya taa haiwavuti dagaa kama ipasavyo, mitumbwi hupandishwa mchangani, na betri za taa zilizochukua mahali pa karabai hurejeshwa nyumbani, zikaungane na tochi, redio na mashine ya kunyolea, zote zimechomekwa kwenye umeme usiku na mchana. Ndipo fundi huulizwa: je, kuziacha kwenye chaji muda wote ni kuzihifadhi au kuzidhuru? Jawabu haliwezi kuwa moja, madhali tabia za betri hizo si moja. Sharti kwanza ukipindue chombo usome kibandiko chake, kwani Pb ni risasi, Li-ion ni lithiamu, na Ni-Cd ni nikeli na kadimiamu.

Betri ya risasi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859 na ambayo hata leo imo katika magari na tochi nyingi za bei nafuu, hupenda kukaa imejaa. Ikiachwa tupu siku zote za mbalamwezi, salfati huganda juu ya mabamba yake ikawa ngumu, wala hapo hakuna chaja itakayoirudishia nguvu zake zote. Hiyo basi na ikae kwenye chaji, ila chaja yenyewe iwe ya kujipunguza, yaani betri ya volti 12 ikishajaa ishikiliwe kwenye volti 13.5 hadi 13.8 hivi, kwani chaja isiyojua kiasi huyachemsha maji ya betri hata yakakauka, tena hutoa haidrojeni, gesi iwakayo upesi, jambo lisilofaa kabisa katika chumba wanamolala watoto.

Lithiamu, ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991, ni kinyume chake. Seli ya aina iliyo katika simu nyingi ikifika volti 4.2, chaja iliyo sahihi huacha kuijaza, kwa hiyo hofu ya kufurika haina msingi. Hasara yake huja polepole, kwa kukaa imejaa pomoni, hususan penye joto. Tochi iliyochomekwa juu ya kabati, karibu na bati linalopigwa na jua la mchana, huchakaa hata isipotumika. Afadhali ihifadhiwe ikiwa nusu, mahali pa ubaridi, ijazwe alasiri ya siku ya kazi. Amma taa ya dharura, iliyowekwa makusudi iwake umeme ukatikapo, haina budi kubaki imechomekwa, na uchakavu huo ndio gharama ya utumishi wake.

Zimesalia zile za nikeli, katika mashine kuukuu za vinyozi. Aghalabu chaja zake hazikati. Humimina mkondo mdogo bila kukoma, nao ukikosa pa kuingia hugeuka joto, na joto hilo, kwa maoni yangu, huziua betri nyingi kuliko ile kasoro ya kuchajiwa kabla hazijaisha ambayo watu huitaja sana. Ishike mashine asubuhi: ikiwa ilijaa tangu jana na ingali vuguvugu kiganjani, ichomoe.