Siku Duka la Irata Lilipoishiwa Umeme (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Bunten, mbunifu wa michezo ya kompyuta, na mchezo ambao karibu hakuna aliyeununua. Wheeler Dealers, wa mwaka 1978, ulikuwa mchezo wa mnada wa watu wanne kwenye kompyuta ya Apple II. Uliuzwa pamoja na kifaa chake maalumu cha kubonyeza, bei ikawa kubwa kuliko ya michezo mingine, na zikatoka nakala kama 50 tu. Mwingine angehamia kwenye michezo ya kupiga risasi, iliyokuwa ikiuzika kama njugu. Mhandisi huyu wa viwanda alibaki na mnada wake, na miaka mitano baadaye akauhamishia sayari nyingine.

Sayari hiyo ni Irata. Lisome jina hilo kuanzia mwisho utaipata Atari, kampuni iliyotengeneza kompyuta ambayo mchezo uliandikiwa. Mchezo wenyewe unaitwa M.U.L.E. Ulitoka mwaka 1983, ukiwa miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa ya Electronic Arts, na uliundwa na watu wanne wa mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, waliojiita Ozark Softscape. Kiongozi wao alijulikana siku hizo kama Dan Bunten. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 aliishi kama mwanamke, akajiita Danielle Bunten Berry, na ndilo jina nitakalolitumia.

Herufi nne za M.U.L.E. ni kifupisho cha maneno yenye maana ya kitenda kazi cha matumizi mengi, na papo hapo ni jina la Kiingereza la nyumbu. Si nyumbu wa Serengeti, yule anayevuka mto Mara kwa maelfu. Huyu ni mtoto wa punda na farasi, ambaye watu wa pwani humwita baghala: mbeba mizigo, mkaidi. Nyumbu wa Irata ni mashine ya miguu minne. Unamnunua dukani kwa dola 100 mwanzoni mwa mchezo, unamvisha vifaa vya kazi moja (vya kilimo dola 25, vya umeme 50, vya kuchimba madini 75), kisha unamkokota hadi kiwanjani kwako na kumfunga. Ukikosea kumfikisha pale hasa anapotakiwa kufungwa, anachomoka mbio na fedha yako imekwenda naye.

Wachezaji ni walowezi wanaoanzisha koloni huko Irata. Neno koloni halina ladha nzuri vinywani mwetu, na sina haja ya kulipamba. Irata haina wenyeji isipokuwa Wampus, kiumbe wa milimani anayeonekana mara moja moja kama nukta ya mwanga, na ukimkamata unapata fedha. Swali la ardhi ni ya nani, ambalo ndilo swali la kwanza la koloni lolote la kweli, mchezo umelikwepa kwa kuwakosesha watu. Hapo kuna viwanja 44 vimezunguka mji mmoja, mto umekatiza katikati, milima imetawanyika huku na huko. Kando ya mto chakula hustawi, tambarare inafaa kwa umeme, na milimani ndiko kwenye smithore, madini ambayo nyumbu wenyewe huundwa kwayo. Kila mwezi kiboksi hupita juu ya viwanja kimoja baada ya kingine, na wa kwanza kubonyeza ndiye mwenye kiwanja.

Mpaka hapa ni kilimo na uchimbaji tu. Utamu unaanza jioni, mnada unapofunguliwa.

Kila bidhaa ina mnada wake. Mwenye kuuza husimama juu ya kioo, mwenye kununua husimama chini. Hakuna anayeandika tarakimu. Mnunuzi akitaka kuongeza dau anapanda kwa miguu, na muuzaji akitaka kupunguza bei anashuka. Wakikutana, bidhaa inaanza kuhama kipande kimoja kimoja, na yeyote anaweza kurudi nyuma hatua moja biashara ikakatika. Pembeni kuna mstari wa muda unaoliwa, na ukiisha, soko limefungwa hadi mwezi ujao. Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoeleza bei ni nini, na sijaona kilichosema kwa uwazi kama vile vikaragosi viwili vinavyosogeleana kwa kujivuta: bei ni umbali uliobaki kati ya watu wawili, na kila mmoja anamsubiri mwenzake atembee.

Kisha kuna duka. Duka la Irata hununua na kuuza kwa bei zake, kwa hiyo likiwa na mali, mlanguzi hana nafasi: akipandisha mno, watu wanakwenda dukani. Lakini katika mchezo wa kawaida duka linaanza na vipimo 8 vya chakula na 8 vya umeme, basi. Hakuna meli itakayoleta vingine. Kitakachoingia dukani baada ya hapo ni kile tu ambacho walowezi wenyewe wamezalisha na kuuza. Likiishiwa, dari ya bei imeondoka.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Nilikuwa nikicheza na wapwa wangu wawili toleo la bure lililowekwa kwenye intaneti mwaka 2009, wa nne akiwa kompyuta. Mimi niliona mbali, au nilidhani naona mbali: nyumbu watatu milimani, mmoja kando ya mto. Umeme sikuulima hata kiwanja kimoja, maana ulikuwa dola 25 tu dukani, na mtu mzima hahangaiki na vitu rahisi. Ilipofika mwezi wa sita duka lilikuwa na sifuri. Nyumbu asiye na umeme hafanyi kazi, na mwenye umeme wa ziada alikuwa mmoja, yule mpwa mkubwa, aliyekuwa amejaza tambarare bila kumwambia mtu.

Mnada ukafunguliwa. Alisimama juu kabisa, hashuki. Nikapanda. Nilipomkaribia, kioo kikasogea, bei ya juu ikahamia juu zaidi, naye yuko palepale. Dola 60, 80, 110. Muda unaliwa.

"Mjomba, panda kidogo tu, umebakiza hatua mbili."

Nilinunua vipimo viwili kwa dola 148 kila kimoja, na fedha ikaniishia. Wachimbaji wangu wawili walikaa bure mwezi mzima. Mpwa alicheka mpaka dada yangu akaja kuangalia kuna nini.

Hata hivyo kicheko kilidumu mwezi mmoja tu. Duka linaunda nyumbu wapya kutokana na smithore, vipimo viwili kwa kila nyumbu, na mchimbaji mkuu wa smithore nilikuwa mimi. Nilipokaa bila umeme wa kutosha, duka likakosa madini, nyumbu wakaadimika, na bei yao ikapanda kupita uwezo wa kila mtu mezani ila mpwa mkubwa. Alikuwa na viwanja viwili vipya na fedha tele, lakini nyumbu wa kununua ndio hao wachache waliobaki, tena kwa bei ya kuruka. Alikuwa amemkaba mtu aliyekuwa akimfulia majembe. Mpwa mdogo, ambaye alikuwa akilima chakula kimya kimya kando ya mto, ndiye aliyetupita wote.

Mtu anaweza pia kuitengeneza shida hiyo kwa makusudi. Ananunua nyumbu dukani si kwa ajili ya kazi, bali kwenda kumwachia porini, ili zizi libaki tupu na wenzake wakose. Ni hasara, lakini ni hasara inayowaumiza wengine zaidi. Mwaka uleule wa 1983 Tanzania ilikuwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, sukari na sabuni zikifichwa uvunguni, na kuitwa mlanguzi kulitosha kumpeleka mtu rumande. Mambo hayo mawili hayahusiani kwa lolote zaidi ya tarehe. Ila msomaji aliyepanga foleni ya khanga miaka ile hatahitaji maelezo mengi kuhusu zizi tupu la Irata.

Dhidi ya uchu huo Bunten aliweka breki kadhaa, na kwangu hizi ndizo zinazoonyesha akili yake. Chakula cha ziada kinaoza nusu kila mwezi, umeme unapotea robo, kwa hiyo kuhodhi kuna gharama. Bahati mbaya haimwangukii aliye wa mwisho. Bahati njema haimpati anayeongoza. Watu wawili wakibonyeza au kufika dau kwa wakati mmoja, anapewa aliye nyuma. Na mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, katika mchezo wa kawaida, haihesabiwi mali ya mshindi peke yake. Koloni zima linapimwa kwa pamoja, na jumla ikiwa duni, wa kwanza wenu ni wa kwanza wa walioshindwa. Wapo wanaosema breki hizo ni upendeleo kwa wavivu. Mimi naona bila hizo mchezo ungekuwa umekwisha mwezi wa nne, watatu wakibaki kumtazama mmoja akihesabu fedha.

Mchezo uliuza nakala 30,000 hivi, si nyingi. Sehemu ya sababu ni kwamba ulinoga kwa watu wanne chumba kimoja: Atari 800 ilikuwa na matundu manne ya kuchomeka vijiti vya kuchezea, lakini kompyuta nyingi hazikuwa nayo, na hata Atari wenyewe baadaye walitoa mashine za matundu mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Electronic Arts ilitaka toleo jipya kwa mashine ya Sega, na ikaomba ndani yake ziwemo bunduki na mabomu. Bunten alikataa, na toleo hilo halikutoka. Alifariki Julai 1998 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 49. Mbunifu mwenzake Will Wright alipotoa The Sims mwaka 2000, aliutunuku mchezo huo kwa kumbukumbu yake.

Mrithi wa moja kwa moja alikuja tarehe 28 Aprili 2016, akatua Mirihi. Offworld Trading Company ni kazi ya Soren Johnson na studio yake ya Mohawk Games, na Johnson hajaficha kwamba M.U.L.E. ndiyo iliyomfundisha. Yeye ndiye aliyekuwa mbunifu mkuu wa Civilization IV, mchezo wa mwaka 2005 unaofunguka kwa Sala ya Bwana iliyoimbwa kwa Kiswahili. Wimbo huo, "Baba Yetu", ulitungwa na Christopher Tin, aliyewahi kukaa chumba kimoja na Johnson chuoni Stanford, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Tin huyohuyo ndiye aliyeandika muziki wa Mirihi, safari hii bila Kiswahili, na mtulivu kuliko biashara inayoendelea chini yake.

Biashara yenyewe ina bidhaa 13, kuanzia maji na oksijeni hadi chuma, vioo na vifaa vya elektroniki. Hakuna mnada wa jioni. Soko liko wazi muda wote, kila anachouza mtu kinashusha bei, kila anachonunua kinaipandisha, na tarakimu zinaruka ukiwa unatazama. Ukiwa huna maji wala hewa ya kutosha, mchezo haukuui: unakununulia wenyewe na kukuandikia deni, na deni likinenepa thamani ya kampuni yako inashuka. Bunduki hazipo, ila kuna soko la magendo: unaweza kukodi maharamia wazuie mizigo ya jirani, au kuchochea wafanyakazi wake waasi. Johnson hakusahau hata huko kuwa yeye ni mtu wa bei: kila hujuma ikinunuliwa, inayofuata inakuwa ghali zaidi.

Tofauti iko mwishoni. Mirihi hakuna anayekuja kupima koloni. Kinachouzwa, pamoja na maji na chuma, ni hisa za kampuni zenyewe, na unashinda kwa kuwanunua wenzako hadi wasibaki. Yule jirani ambaye kule Irata ulimhitaji akuchimbie smithore, hapa ni mali inayongoja bei yake iporomoke. Nakiri mchezo wa Johnson ni wa kasi na una hesabu kali kuliko ule wa zamani. Nakiri pia kwamba nikiucheza huwa namkumbuka yule kikaragosi anayepanda hatua kwa hatua, kwa sababu walau niliuona uso wa aliyenikaba.

Mpwa mkubwa, ambaye sasa anasomea uhasibu, anaupenda huu wa Mirihi. Mara ya kwanza tulipocheza hakusema neno wala hakucheka. Alinunua hisa zangu moja baada ya nyingine kwa fedha aliyoipata kwenye oksijeni niliyokuwa nikikopa, na kampuni yangu ilipofungwa nilikuwa bado nimeinamia kioo, nikisubiri bei ya vioo ipande.