Uhuru wa Kutembea Bila Uhuru wa Kujua

Tangu korona ilipoingia nchini Machi 2020, mkazi wa Elerai, hapa Arusha, hakufungiwa ndani kwa amri ya serikali hata siku moja. Shule na vyuo vilifungwa kwa miezi kadhaa, ni kweli, lakini soko la Kilombero liliendelea kufunguliwa asubuhi, vifodi vilipakia, na ibada hazikusimama. Upande wa pili wa mpaka wa Namanga, Wakenya walikuwa wakikimbizana na saa moja ya jioni ili kafyu isiwakute barabarani. Wengi wetu tumebaki na hesabu rahisi: wenzetu walichagua mkono wa dola, sisi tukachagua uhuru. Naiona hesabu hiyo ina kasoro kubwa, na kwa kuwa mlipuko mwingine utakuja, ni afadhali tuirudie sasa tukiwa na utulivu.

Tuanze na sheria. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 17, inampa raia haki ya kwenda atakako. Ibara ya 30 inaruhusu haki hizo zipunguzwe kwa sheria kwa sababu maalumu, na afya ya jamii imetajwa waziwazi. Kisha ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ambayo ndani yake mna mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya kuambukiza. Kwa hiyo serikali haingoji kutangaza hali ya hatari ndipo imtenge mgonjwa. Mamlaka ipo siku zote. Kazi ya mtaalamu ni kuuliza inatumika kwa masharti gani. Tangu 1984 wanasheria wa nchi mbalimbali wameyaweka masharti hayo katika Kanuni za Siracusa: hatua iwe na msingi wa sheria, iwe ya lazima kweli, isizidi ile nyepesi kuliko zote inayotosha, iwe na ukomo, na aliyeguswa awe na pa kulalamika.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alipatikana hapahapa Arusha. Tarehe 15 Machi 2020 msafiri Mtanzania aliyetoka Ubelgiji alitua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), akapimwa, akaonekana hana homa, akaruhusiwa kwenda zake. Alipofika hotelini akajisikia vibaya, akaenda mwenyewe Hospitali ya Mount Meru. Kesho yake Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akalitangazia taifa. Tazama ni nani aliyeugundua ugonjwa: kipimajoto cha uwanjani kilishindwa, askari hakuhusika, mgonjwa ndiye aliyejipeleka. Mtu hujipeleka hospitali akiamini kwamba atatibiwa na hatadhalilishwa. Imani hiyo ikivunjika, wagonjwa hujificha, na hakuna amri itakayowatoa.

Wiki moja baadaye ikaja karantini ya lazima ya siku 14 kwa wasafiri, kwa gharama zao wenyewe. Karantini yenyewe naiunga mkono. Gharama ndipo tulipokosea. Anayefungiwa chumbani ili wengine wawe salama anafanya kazi ya umma, na umma ndio unaopaswa kuilipia. Vinginevyo asiye na pesa amepewa sababu ya kudanganya alikotoka. Na jaribu kuipeleka amri ya kujitenga nyumbani kwenye nyumba ya kupanga ya mtaani kwetu, familia moja kila chumba, choo kimoja uani, wapangaji wanakula walichokipata siku hiyohiyo. Mahakama Kuu ya Malawi iliiona hoja hii. Aprili 2020 ilizuia amri ya kufunga nchi, maskini wakiwa hawajawekewa mpango wowote wa chakula na kipato. Mwezi huohuo mahakama ya Kenya ikasema kafyu ni halali, lakini nguvu iliyopita kiasi ya polisi inavunja katiba. Wakati huo mtoto wa miaka 13 alikuwa ameshapigwa risasi akafa, akiwa kwenye roshani ya nyumbani kwao Nairobi. Majirani walikosea vibaya sana. Walau kosa lilikuwa na mahali pa kupelekwa.

Kwetu mkono wa dola ulikamata habari. Takwimu za mwisho kabla ya ukimya zilitolewa mapema Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Tarehe 3 mwezi huo, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zimeonyesha maambukizi. Kesho yake mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Juni ikatangazwa kuwa ugonjwa umekwisha. Julai zikatoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kutoa habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila kibali cha mamlaka husika. Zipime kwa masharti yale ya Siracusa. Msingi wa sheria ulikuwapo. Uzushi nao ulikuwapo, tena mwingi, na kuuzuia ni lengo halali. Lakini njia nyepesi ya kuumaliza uzushi ni kutoa takwimu, na takwimu ndizo zilizozimwa.

Gharama ya kuzizima takwimu ilionekana Namanga kabla ya kwingine. Katikati ya Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva wa lori akalazimika kupimwa. Wapo walioambiwa na Wakenya kwamba wana virusi, kisha Mkuu wa Mkoa wa Arusha wa wakati huo, Mrisho Gambo, akasema walipopimwa upya upande wetu hawakukutwa navyo. Dereva akabaki katikati ya majibu mawili, foleni ya malori nyuma yake, bila karatasi ambayo serikali zote mbili zingeiamini. Hakuna aliyemnyima uhuru wa kusafiri. Hata hivyo hakusafiri.

Wapo watakaosema kufunga nchi kungetuua kwa njaa. Nakubaliana nao. Utalii ulipokauka, waongozaji na wapagazi wa mji huu waliumia vya kutosha bila kuongezewa kafyu. Lakini kutofunga nchi na kuficha takwimu ni maamuzi mawili tofauti, na la kwanza halikulihitaji la pili. Mapema 2021, tulipokuwa tukitoka msiba mmoja kwenda mwingine na kuambiwa marehemu alikuwa na "changamoto ya upumuaji", mama mwenye kisukari alikuwa huru kabisa kwenda kukaa na wafiwa. Hakuwa na namna ya kujua anakwenda kukutana na nini.

Ndiyo maana hata chanjo ya hiari ilikuja ikachechemea. Tarehe 28 Julai 2021 Rais mpya, Samia, alichanjwa hadharani, nchi ikiwa imepokea dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na chanjo ikatangazwa kuwa ya hiari. Ulikuwa uamuzi sahihi. Ila watu waliokaa miezi mingi wakiambiwa ugonjwa haupo sasa walitakiwa wachague kinga yake, na kusita kwao sikulaumu.

Swali la habari lilirudi na ugonjwa mwingine. Virusi vya Marburg vilipozuka Kagera 2023, serikali ilitangaza mapema. Waliougua wakawa 9 na waliofariki 6. Januari 2025 vilirudi, safari hii wilaya ya Biharamulo, mkoani humohumo. Tarehe 15 Waziri wa Afya alisema sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi. Tarehe 20 Rais, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akathibitisha kuwa vipo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika 13 Machi. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 10 na wote walifariki, 8 kati yao kabla ugonjwa haujathibitishwa.