China Imejaa Mtaani, Darasani Haimo

Mtoto anayekulia Umoja, Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hahitaji kupanda ndege ili akutane na China. Barabara ya Outer Ring, anayoivuka akienda Donholm au Kariobangi, ilipanuliwa na kampuni ya Sinohydro. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, anakopelekwa akiugua, ilijengwa kwa msaada wa serikali ya China. Simu za Tecno, Itel na Infinix walizo nazo wazazi wake zinatoka kwa kampuni moja ya Shenzhen, Transsion. Hata mitumba ya Gikomba, ambayo wengi bado wanaamini yote inatoka Ulaya na Marekani, marobota yake mengi siku hizi yanafungwa China. Lakini muulize mtoto huyo Wachina wanaishi vipi kwao, watoto wao wanasoma wapi, wazee wao wanatunzwa na nani, vijana wao wanalalamikia nini. Atakwambia wanajenga barabara, wanauza vitu feki na wanatudai. Majibu hayo ameyaokota kwenye matatu na kwenye simu, kwa sababu shule haijampa mengine. Naamini shule inapaswa kumpa, na kwamba kumfundisha lugha ya Kichina peke yake, jambo ambalo wengi wanadhani linatosha, si jibu.

Tuanze na kile kilichokuwa kikifundishwa. Katika mtaala wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho watafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027, mwanafunzi wa jiografia hulinganisha idadi ya watu wa Kenya na ya Uswidi. Husoma chuma cha bonde la Ruhr nchini Ujerumani, elektroniki za Japani, viwanda vya nyumbani vya India, na mji wa New York ukiwekwa kando ya Nairobi. Katika historia hupitia mapinduzi ya viwanda ya Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani, kisha Brazili, Afrika Kusini na India. Akifika kwenye mifumo ya serikali, hukutana na Uingereza, Marekani na India. Mageuzi makubwa kuliko yote ya kiuchumi katika umri wa wazazi wake, yale yaliyoanza China mwaka 1978, hayakupewa sura yake. Sidhani palikuwa na njama. Mtaala huo ulipoanza mwaka 1985 China ilikuwa bado nchi maskini, na uhusiano wa Kenya nayo, uliozorota vibaya mwaka 1967, ndio kwanza ulikuwa umerudi sawa. Dunia imegeuka tangu hapo, lakini mifano ya darasani imegeuka polepole mno.

Pengo hilo limejazwa kwa lugha. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius, inayofadhiliwa na China kufundisha lugha na utamaduni wake, ya kwanza Afrika, na vyuo vya Kenyatta, Egerton na Moi vikafuata. Mwaka 2019 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilitangaza kuwa Kimandarini kingefundishwa kuanzia Gredi ya 4 ya mtaala mpya, kikiwa lugha ya hiari pamoja na Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Magazeti yalishangaa, wazazi wengine wakasema tunauzwa. Ukweli ni kwamba shule nyingi za umma za Eastlands hazina mwalimu wa Kifaransa, sembuse wa Kimandarini. Walipobahatika watoto, mara nyingi ni kwa mlango wa msaada. Mathare kuna shule inayoitwa Mcedo Beijing, ambayo majengo yake yaliinuliwa upya kwa msaada wa vijana wa Kichina waliokuja kujitolea. Ni kazi njema, na watoto wale wamepata madarasa ambayo serikali haikuwajengea. Ila utamaduni unaoletwa na misaada ya namna hiyo, popote ulimwenguni, huwa ni ule wa sherehe: joka la kitambaa, kofia nyekundu, upepeo, wimbo wa mwaka mpya, mateke mawili ya kung fu. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini ukimfundisha mgeni kwamba Kenya ni Wamasai wanaoruka, humfundishi lolote kuhusu mitaa ya Pipeline au Huruma, wala kuhusu fundi wa Kamukunji anayegonga sufuria.

Hapo Kamukunji ndipo mfano wa kwanza wa somo ninalolitaka ungefaa kuanzia. Wafanyabiashara wengi wa Nairobi wanaufahamu mji wa Yiwu, mkoani Zhejiang, kwa sababu makasha ya vitana, vyombo vya plastiki na vitu vya kuchezea vya watoto hutoka huko. Kisichojulikana sana ni jinsi mji huo ulivyoanza. Yiwu ilikuwa wilaya ya wakulima wenye ardhi ndogo, na wanaume wake walizunguka vijijini wakibadilisha sukari kwa manyoya ya kuku, ambayo yalitumika kama mbolea. Serikali ya wakati huo ilihesabu uchuuzi kuwa kosa, na wachuuzi walikimbizwa na kunyang'anywa mali. Mwaka 1982 katibu wa Chama cha Kikomunisti wilayani, Xie Gaohua, aliamua kuwaruhusu wafungue soko la bidhaa ndogondogo, uamuzi ambao ungeweza kumpotezea kazi. Leo soko hilo ni kubwa kuliko masoko yote ya aina yake duniani. Mpe mwanafunzi wa Eastlands habari hizi, yeye ambaye mama yake hukimbizwa na askari wa kanjo, kisha umuulize: nini kilichofanya uchuuzi wa kule ukue hadi ukawa kiwanda, na wetu ukabaki kukimbia? Mjadala utakaozuka utagusa ardhi, leseni, umeme, mikopo, barabara na siasa. Ni somo la uchumi lililo hai kuliko ukurasa wowote wa Ruhr, na halimsifu wala kumlaani Mchina.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumbani. Tangu 1958 China ina mfumo wa kuandikisha makazi uitwao hukou, unaomfunga raia mahali alipoandikishwa, kwa kawaida kwa wazazi wake. Mamilioni ya watu wa mashambani walipokwenda mijini kujenga na kufanya kazi viwandani, hawakubeba haki zao. Mtoto wa kibarua aliyezaliwa Beijing anaweza kukosa nafasi katika shule ya serikali ya mji huo, na akifika wakati wa mtihani mkuu hulazimika kurudi mkoa wa wazazi wake, ambako huenda hajaishi kabisa. Kwa hiyo wazazi wengi huwaacha watoto kijijini na bibi. Wengine huwapeleka shule za binafsi za bei nafuu zilizoota pembezoni mwa miji, na mwaka 2011 Beijing ilifunga zaidi ya 20 za aina hiyo. Katika miaka ya karibuni masharti yamelegezwa, hasa katika miji midogo, lakini miji mikubwa bado ina mlango mwembamba. Hakuna mwalimu wa Mathare au Mukuru atakayehitaji kueleza zaidi. Watoto wake wanajua shule za mabati zinazoishi kwa hofu ya tingatinga, wanajua kuachwa kwa nyanya ushago huku mama akitafuta kibarua Industrial Area. Watakachojifunza ni kwamba nchi iliyowajengea barabara ilijijenga kwa migongo ya watu wanaofanana nao sana.

Kisha kuna mtihani. Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, hufanyika kila Juni, na mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa zaidi ya milioni 13. KCSE ya mwaka huohuo ilikuwa na karibu milioni moja. Uchovu wa watoto na mzigo wa tuisheni uliwafikisha watawala wa Beijing mahali pa kupiga marufuku, Julai 2021, kampuni za tuisheni za kutafuta faida katika masomo ya msingi. Kampuni kubwa ziliporomoka, walimu wengi wakapoteza kazi, na wazazi wenye pesa wakaendelea kulipa kwa siri. Kenya ilipiga marufuku tuisheni ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na mzazi yeyote wa Buruburu anajua ilikoishia. Tena huko China shahada si ufunguo wa uhakika: Juni 2023, kwa takwimu za serikali yenyewe, vijana 21.3 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 16 hadi 24 waliokuwa wakitafuta kazi mijini hawakuwa nayo, kisha serikali ikaacha kuchapisha takwimu hizo kwa miezi kadhaa hadi ilipobadili namna ya kuhesabu. Habari hiyo ina mafunzo mawili, moja la ajira na jingine la nani anamiliki takwimu. Yote mawili yanafaa kwa Gredi ya 9.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko mengine, ni kwamba haya yote yatakuwa mlango wa propaganda. Wanaosema hivyo wana ushahidi. Chuo Kikuu cha Chicago kiliachana na Taasisi yake ya Confucius mwaka 2014, cha Stockholm kikafuata mwaka uliofuata, na moja ya sababu ilikuwa wasiwasi kuhusu uhuru wa kufundisha pale mgeni anapochagua walimu na vitabu. Lakini ukiitazama vizuri, hoja hiyo inaniunga mkono. Propaganda hustawi palipo na ombwe. Kwa sasa mtoto wa Eastlands ana vyanzo viwili: upande mmoja China isiyo na doa inayoletwa na wafadhili, na upande wa pili China ya vijembe ya mitandaoni. Somo likiandikwa na Wakenya, likafundishwa na mwalimu yuleyule wa Masomo ya Kijamii, litabeba hata yale ambayo hayataandikwa na ubalozi wowote: mauaji ya Tiananmen mwaka 1989, hali ya Wauighur wa Xinjiang, Waafrika waliofukuzwa katika nyumba na hoteli za Guangzhou Aprili 2020 wakati wa korona, na mikataba ya mkopo wa reli ya SGR ambayo serikali ya Kenya ilichapisha sehemu yake Novemba 2022, baada ya miaka ya kuificha. Litabeba pia mazuri bila aibu, kama vile mamia ya mamilioni ya watu waliotoka katika umaskini ndani ya miaka 40.

Wengine watasema tusifundishe ya Wachina wakati watoto hawajui hata ya Kaloleni na Makongeni, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wakati wa ukoloni. Wana haki ya kuudhika. Hata hivyo Uswidi na Ruhr hazikuwahi kuizuia historia ya Kaloleni. Kilichoizuia ni uvivu wetu wenyewe. Tena China si mgeni wa jana katika historia yetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, na sarafu ya enzi hiyohiyo ilichimbuliwa kisiwani Manda, karibu na Lamu, mwaka 2013. Kuhusu uhaba wa walimu na madarasa yenye wanafunzi wengi kupita kiasi, nasema tu kwamba somo hili halidai mwalimu mpya wala kipindi kipya. Linadai mifano mingine katika vipindi vilivyopo.

Mwisho kuna wafanyabiashara. Duka la China Square lilipofunguliwa mwanzoni mwa 2023 katika jengo la Unicity, Kahawa, bei zake ziliwashtua wauzaji wa katikati ya jiji, na mwisho wa Februari waliandamana wakidai Wachina waondoke. Hasira yao ilikuwa ya haki kwa maana ya riziki: mtu uliyekuwa ukinunua kwake jumla amekuja kuuza rejareja mlangoni pako. Lakini wateja walijaa dukani humo kwa sababu hiyohiyo ya bei. Kufukuzana hakukujibu swali la jinsi bei ile inavyowezekana. Jibu limo katika historia ya Yiwu, katika mishahara ya vibarua wasio na hukou ya mji, katika ruzuku na bandari, na ni jibu ambalo kijana atakayerithi kibanda cha mama yake pale Kamukunji atalihitaji zaidi kuliko salamu kumi za Kimandarini.

KICD inapopitia upya miundo ya masomo ya shule za upili za daraja la juu, ambazo wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026, iweke China miongoni mwa nchi za mifano katika jiografia, historia na biashara, kama vizazi vilivyotangulia vilivyowekewa Japani na India. Idara za historia na jiografia za vyuo vyetu ziandike kijitabu cha mwalimu, kwa Kiingereza na Kiswahili, kabla hakijaandikwa kwingine na kuletwa bure. Na mwalimu wa Kayole asiyetaka kungoja anaweza kuanza muhula huu: ana ubao, ana simu ya Tecno mfukoni, na wanafunzi wake wana maswali ya kutosha.