Prosesa ya Kompyuta ya Michezo kwa Mnunuzi Mwenye Bajeti Ndogo

Katika maduka mengi ya kompyuta zilizotumika, Kariakoo na kwingineko, mashine hupangwa na kupewa bei kwa kufuata kibandiko kimoja tu: i3, i5 au i7. Mnunuzi huambiwa kwamba i7 ni bora kuliko i5, na kwamba i5 ni bora kuliko i3, na bei hupanda kwa ngazi hizo hizo. Kijana aliyedunduliza fedha kwa miezi kadhaa, au mzazi anayemnunulia mwanawe, hulipa ziada kwa ajili ya tarakimu hiyo, kisha hufika nyumbani na kukuta mchezo unakwamakwama. Mashine haikuharibika, na pengine muuzaji hakusema uongo wowote. Kilichokosekana ni maelezo.

Tarakimu ya i3, i5 au i7 hueleza daraja la prosesa miongoni mwa ndugu zake waliotoka wakati mmoja. Haifai kulinganishia vizazi mbalimbali. Kizazi husomwa katika namba inayofuata kistari: i7-3770 ni ya kizazi cha 3 na ilitoka mwaka 2012, i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2018, i3-12100F ni ya kizazi cha 12, ya mwaka 2022. Ile i7 ina viini vinne, ilhali i5 iliyokuja miaka sita baadaye ina viini sita. Nayo i3 ya mwaka 2022 ina viini vinne sawa na i7 ile ya zamani, lakini kila kiini chake hufanya kazi zaidi ya mara moja na nusu kwa muda uleule. Kwa mchezaji, basi, i3 hiyo inaizidi i7 ile kwa mbali. Kwa hiyo muuzaji akisema "hii ni i7", swali la mnunuzi liwe moja: i7 namba ngapi? Asiyeweza kulijibu swali hilo hajui anachouza.

Prosesa za AMD husomwa kwa namna inayokaribiana na hiyo. Katika Ryzen 5 5600, tarakimu 5 ya kwanza ni daraja, na 5 inayoanza namba ya pili ni toleo. Hapa uangalifu unahitajika zaidi, kwa maana namba zinazokaribiana huweza kuficha tofauti kubwa. Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zina viini sita kila moja, lakini hifadhi ya haraka iliyomo ndani ya prosesa ni megabaiti 16 kwa ya kwanza na 32 kwa ya pili, na michezo mingi hunufaika sana na hifadhi hiyo. Kinyume chake pia hutokea, namba kubwa ikawa na faida ndogo. Ryzen 5 5600X ilitoka Novemba 2020 kwa bei ya dola 299 za Marekani. Ryzen 5 5600 ilifuata Aprili 2022 kwa dola 199. Viini ni sita kwa sita, hifadhi ni ileile, na kasi ya juu ni gigahezi 4.6 dhidi ya 4.4. Dola mia moja zilinunua tofauti ambayo jicho la mchezaji haliioni. Bei za leo ni nyingine, lakini ulinganisho wa namna hiyo ndio tunaotaka mnunuzi aufanye kabla ya kutoa fedha.

Ni vyema pia kufahamu kazi ambayo prosesa huifanya mchezo unapoendelea. Prosesa hukokotoa mambo yanayotokea: mpira umeelekea wapi, adui amesimama wapi, gari limegonga nini. Kadi ya michoro hupokea matokeo hayo na kuyachora kwenye kioo. Ili mchezo uonekane laini kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu hutengewa takriban milisekunde 17. Prosesa ikihitaji milisekunde 25 kumaliza hesabu zake, mchezaji atapata fremu 40 tu, hata kama kadi ya michoro ni ya thamani kubwa. Kadi ikiwa dhaifu nayo, prosesa hodari hukaa ikiisubiri.

Mwenye kompyuta tayari anaweza kujua upungufu uko wapi bila kununua kitu chochote. Apunguze ukubwa wa picha ndani ya mchezo kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, kisha aangalie idadi ya fremu. Zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki zilezile, prosesa ndiyo kikwazo. Michezo ya mashindano kama Counter-Strike 2 na Valorant hutegemea prosesa zaidi, ilhali michezo yenye mandhari ya kifahari huielemea kadi.

Kutokana na hayo, ushauri wetu kwa mwenye bajeti ndogo ni kwamba prosesa isimeze zaidi ya robo ya fedha za kompyuta nzima. Fedha inayobaki iende kwanza kwenye kadi ya michoro, kisha kwenye kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 16. Taa za rangi zinazozunguka kwenye kasha hazijawahi kumwongezea mtu fremu hata moja.

Kwa anayeunda mashine mpya, tunaona i3-12100F kuwa mwanzo wa heshima, na Ryzen 5 5600 au i5-12400F kuwa kiwango kinachotosha kwa mchezaji wa kawaida. Herufi ya mwisho isipuuzwe. F humaanisha kwamba prosesa haina sehemu yake ya kuchora picha, hivyo bila kadi ya michoro kioo hakitaonyesha kitu. Prosesa nyingi za Ryzen 5000 za kompyuta za mezani zina upungufu huohuo, isipokuwa zenye herufi G. Ryzen 5 5600G humfaa asiye na fedha za kadi kwa sasa: atacheza michezo myepesi leo na kununua kadi baadaye. Atakayeichagua anunue vipande viwili vya RAM vya gigabaiti nane badala ya kimoja cha 16, kwa sababu sehemu yake ya picha huazima kumbukumbu hiyo, na vipande viwili humpa njia mbili za kuifikia. Tofauti huonekana waziwazi.

Ubao mama lazima ulingane na prosesa. Ryzen 5 5600 hukaa kwenye soketi ya AM4 na hutumia RAM ya DDR4. I3-12100F hukaa kwenye LGA1700, na baadhi ya mbao zake hupokea DDR4 na nyingine DDR5. Mnunuzi aulize pia kama prosesa inauzwa ndani ya boksi lake. Hizo tatu tulizozipendekeza zikiwa kwenye boksi huja na feni. Zikiuzwa nje ya boksi, gharama ya feni ni juu ya mnunuzi.

Wengi, hata hivyo, hununua kompyuta zilizostaafishwa maofisini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, na wana sababu nzuri, kwa kuwa bei ni nafuu na mashine ni imara. Hapa tunasisitiza kizazi cha 8 au zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi hicho. Valorant ikichezwa kwenye Windows 11 hudai vipengele vya usalama, ikiwemo TPM 2.0, ambavyo mashine kongwe hazina. Mnunuzi wa i7-3770 hununua, pamoja na prosesa, mlango unaofungwa.

Umbo nalo lina gharama yake. Mashine nyembamba za ofisi hupokea kadi fupi tu, na mara nyingi kisambaza umeme chake hakina waya wa ziada wa kulisha kadi, hivyo kadi italazimika kuishi kwa wati 75 zinazopita kwenye nafasi yake ya ubao. Baadhi ya GTX 1650 hutosheka na kiasi hicho. Kadi nyingi kubwa hazitosheki. Apimaye kasha na kusoma lebo ya kisambaza umeme kabla ya kulipa hujiepusha na kununua kadi isiyoingia.

Kabla ya kulipa, mashine iwashwe mbele ya mnunuzi. Jina la prosesa lisomwe kwenye BIOS au kwa programu ya bure ya CPU-Z, kwa sababu jina linaloonyeshwa na Windows linaweza kubadilishwa na mtu mjanja. Kisha mchezo au programu nzito iendeshwe kwa dakika 20, huku joto likitazamwa. Likikaribia nyuzi 100 na kasi ikashuka, huenda feni imejaa vumbi au pasti ya kupitisha joto imekauka. Ni matengenezo madogo, ila yafanywe kwa gharama ya muuzaji.

Risiti iandikwe jina kamili la prosesa, kwa mfano "Core i5-8500" na wala si "i5", pamoja na ukubwa wa RAM, hali ya bidhaa kama ni mpya au iliyotumika, na muda wa dhamana. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu ubora wa bidhaa, au kuiita mpya isiyo mpya. Risiti inayosema "kompyuta moja" humwacha mlaji bila cha kushika, kwani kompyuta moja ndiyo aliyopewa. Muuzaji akikataa kuandika namba kamili, tunashauri mnunuzi aende duka la pili.