Somo la Leo: Sayari Ndani ya Kompyuta

Fungueni madaftari. Neno letu ni SAYARI. Lisomeni pamoja nami: sa-ya-ri. Dunia ni sayari. Zuhura ni sayari. Zote hulizunguka jua.

Mwenzenu mmoja wa Kisarawe ameuliza hivi: "Mwanangu amenionyesha katika kompyuta jua lilivyopatwa zamani. Je, hii si ramli?" La, ndugu yangu. Ni hesabu, nawe waweza kuikagua.

Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Iko programu iitwayo Stellarium, nayo hutolewa bure. Iambie mahali na siku, itakuchorea mbingu. Weka Rujewa, Mkoa wa Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, saa sita mchana. (Angalieni: saa sita yetu, kompyuta huiandika 12:00. Wengi hukosea hapo.) Songeza saa mbele na nyuma kidogo, utaona jua limekuwa pete. Sasa weka Kibaha, siku ile ile. Jua limemegwa, lakini pete hakuna. Waliokwenda Rujewa siku hiyo waliiona pete. Waulizeni.

Iko programu nyingine, REBOUND, ambayo hukokotoa njia ya sayari hatua kwa hatua. Huambiwa sayari iko wapi na inakwenda kwa kasi gani. Hukokotoa jinsi jua linavyoivuta, huisogeza kidogo, kisha hukokotoa tena. Hatua zikiwa ndefu mno, hesabu hupotea. Mfikirieni mtu wa baiskeli anayepanda vilima vya Pugu kwenda Kisarawe. Akitazama mbele kila mara, atafuata kona za njia. Akifumba macho mpaka ahesabu ishirini, atajikuta porini. Lakini hatua fupi nazo huichelewesha kompyuta, kwa kuwa kazi huwa nyingi.

Sasa zoezi. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Sehemu za Misri litafunikwa lote. Hapa kwetu litamegwa tu. Mwenye kompyuta au simu awasomee wenzake saa itakayoonyeshwa kwa Kibaha. Iandikeni daftarini, na siku hiyo mlinganishe. Msilitazame jua kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, macho yataharibika. Toboeni tundu dogo katika karatasi ngumu, lipeni jua mgongo, mtazame mwanga unaoanguka juu ya karatasi ya pili.

Andikeni mara tatu: sayari, hatua, hesabu.