Harufu Nzuri Si Hewa Safi

Mama wa nyumba akitaka chumba chake kinukie vizuri ana njia nyingi. Wengine hufukiza ubani au udi juu ya makaa. Wengine huwasha mshumaa wenye manukato, au hununua mkebe wa kupuliza. Siku hizi imeongezeka njia nyingine: kisanduku kidogo cha kubeba mkononi, chenye feni ndogo ndani yake, kinachotia chumba harufu nzuri pasipo moto wala moshi.

Matangazo ya vitu hivi huingia katika simu zetu hata tukiwa kijijini. Kwa hiyo yafaa tujue kisanduku hiki kinafanya kazi gani, na kubwa zaidi, ni kazi gani hakiwezi kuifanya. Maana katika nchi yetu hii ya dhahabu, tangu Kahama mpaka Geita, mtu akidhani kwamba harufu nzuri na hewa safi ni kitu kimoja, aweza kulipa kwa afya ya watoto wake.

KINAVYOFANYA KAZI

Kazi yake si ya ajabu. Kila aliyepata kuanika nguo anaijua. Nguo mbichi isipopata upepo hukauka polepole. Ikipigwa na upepo hukauka upesi, ingawa jua ni lile lile. Upepo huchukua mvuke ulio juu ya nguo na kuupeleka mbali, na mvuke mwingine hupata nafasi ya kutoka.

Ndivyo ilivyo katika kisanduku. Mahali pa nguo pana kitambaa kizito kilicholoweshwa mafuta ya manukato, au punje za plastiki zilizotiwa manukato, au ute mzito mfano wa uji ulioganda. Feni huvuta hewa upande mmoja, huipitisha juu ya manukato, na kuitoa upande wa pili. Betri mbili ndogo, au waya wa chaja kutoka kwenye sola, zatosha kuizungusha.

Faida yake ni ya kweli. Kwanza, hakina moto. Mshumaa waweza kuanguka juu ya neti ya mbu. Mikebe mingi ya kupuliza ina gesi inayoshika moto, na mtu akiipuliza karibu na jiko aweza kuunguza nyumba. Feni ndogo haina hatari hiyo.

Pili, hakihitaji makaa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko ile hewa ya oksijeni tunayoihitaji. Anayeivuta huumwa kichwa, huchoka, husinzia, na pengine haamki tena. Ubani kanisani sote twaupenda. Lakini kanisa lina dari ya juu na milango iliyo wazi. Chumba cha kulala chenye hatua nne kwa nne, kilichofungwa kwa sababu ya baridi ya mwezi wa Julai, si kanisa.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Sasa tutazame upande wa pili. Kisanduku hiki kinaongeza harufu, hakipunguzi kitu. Kama mtoto amekojoa godoro, mkojo ungali ndani ya godoro. Kama popo wameweka makao juu ya dari, kinyesi chao kingali juu ya dari. Kama dagaa walilala chumbani pamoja na gunia la michembe, harufu yao imeingia katika mablanketi. Manukato huja juu ya hayo yote kama shuka safi iliyotandikwa juu ya kitanda chenye kunguni.

Tena pua yetu si shahidi wa kuaminika. Mtu akikaa dakika chache katika harufu, pua huizoea na kuacha kuitangaza. Ndiyo sababu mwenye nyumba hajui nyumba yake inanukaje, bali mgeni hujua akiwa mlangoni. Wazee waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, pengine hawakuwa na habari ya pua, lakini maneno yao yanafaa hapa pia. Dada yako akikunja uso anapoingia, usikasirike. Mwulize anasikia harufu gani, kisha uitafute ilikotoka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1859 muuguzi Mwingereza Florence Nightingale, aliyewahudumia askari katika vita vya Krimea, aliandika kitabu juu ya kuwatunza wagonjwa. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hewa: ndani ya chumba cha mgonjwa iwe safi kama ya nje. Hakupenda desturi ya kufukiza manukato chumbani. Alitaka uchafu utolewe nje na dirisha lifunguliwe. Wakati ule watu wengi walidhani kwamba harufu mbaya yenyewe ndiyo inayozaa magonjwa. Hata jina la malaria limetoka katika maneno ya Kitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Leo twajua kwamba malaria huletwa na mbu. Lakini shauri la kufungua dirisha limebaki shauri jema.

UPEPO USIO NA BETRI

Iko feni isiyohitaji betri wala sola, nayo ni upepo wenyewe. Dirisha moja peke yake huingiza hewa kidogo. Madirisha mawili yanayotazamana huifanya hewa ipite. Katika mji wa Lima, nchi ya Peru, watafiti walipima vyumba vya hospitali na kutangaza matokeo mwaka 2007. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kiasi cha mara 28 kwa saa. Vyumba vilivyowekewa mashine za kubadilisha hewa vilifikia mara 12 tu. Majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, ndiyo yaliyofanya vizuri. Walipima hivyo kwa sababu ya kifua kikuu, ugonjwa unaoenea kwa hewa, ambao wachimbaji wetu wanaovuta vumbi la mawe katika maduara wana haki ya kuuogopa kuliko watu wengine.

Choo nacho kina upepo wake. Nchini Zimbabwe, katika miaka ya 1970, kilibuniwa choo cha shimo chenye bomba la kutoa hewa, ambacho leo twakifahamu hata huku kwetu. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni na kuipandisha juu ya paa. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bomba, nao huzuiwa na wavu ulio mdomoni mwake. Baba aliyejenga choo namna hii hana haja ya kununua manukato ya chooni.

SUMU ISIYONUKA

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Katika vijiji vya wachimbaji wadogo, mawe husagwa kwenye karasha, mchanga huoshwa mwaloni, kisha zebaki hutiwa ili ikusanye chembe za dhahabu. Hupatikana donge la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Wengine huchomea jikoni mwao, au chumbani, kwa kuogopa wezi na macho ya majirani.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mtu aliyechoma ndani aweza kuingia jioni na kusikia harufu ya ugali na maharage tu, akadhani hewa ni safi. Kumbe mvuke umepoa, umeshika bati, kuta, masizi, nguo na sufuria. Tena zebaki haingoji moto ili itoe mvuke. Huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hata katika joto la kawaida la chumba huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo, usiku na mchana, siku nyingi.

Hapa ndipo kisanduku chetu chenye feni kinapogeuka. Upepo ule ule unaoharakisha manukato kutoka katika kitambaa huharakisha pia zebaki kutoka katika sakafu. Mama aliyeweka feni ya manukato katika chumba kilichomwagika zebaki, na madirisha yamefungwa, hakusafisha kitu. Amewapelekea watoto sumu upesi zaidi, tena ikiwa na harufu ya maua.

Zebaki hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtu hutetemeka mikono, husahau, hukosa usingizi, hukasirika ovyo. Mtoto aliye tumboni hudhurika kupitia kwa mama yake. Kijiji cha Rwamagasa, Geita, kilikuwa mojawapo ya mahali palipochunguzwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki ulioanza mwaka 2002. Madaktari waliwapima watu, wakaona kwamba walioathirika kuliko wengine ni wale wanaochoma.

Mkataba wa mataifa juu ya zebaki ulikubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Uliitwa kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia baharini, samaki wakaila, na watu wakala samaki. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020. Mkataba hautaji tu zebaki kwa jumla. Unataka hasa kwamba kuchoma donge hilo mahali wanapokaa watu kukomeshwe.

TUFANYEJE BASI?

1. Donge lisichomwe kamwe ndani ya nyumba, wala jikoni, wala uani penye watoto. Atakayechoma atumie ritoti, yaani chombo kilichofungwa chenye bomba, ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya maji. Nacho kitumike nje, mbali na watu, maana chombo kikivuja hakuna pua itakayotangaza.

2. Nguo za mwaloni na karasha zivuliwe nje, zifuliwe peke yake. Zebaki isiwekwe chini ya kitanda, hata kama chupa ina kizibo.

3. Zebaki ikimwagika chumbani, watoto na mama mjamzito watoke. Fungua madirisha na milango yote. Usifagie, maana ufagio huivunja kuwa matone madogo na kuyatawanya. Yakusanye kwa karatasi ngumu, uyatie katika chombo chenye kifuniko. Sakafu ikiwa ya udongo, chota na udongo wake. Kisha mwulize afisa wa afya pa kuipeleka.

4. Harufu ya kawaida itafutie chanzo. Godoro lianikwe juani, popo wazibiwe njia wakiwa nje, dagaa na michembe viwe na ghala yake, choo kimwagiwe majivu.

5. Madirisha yafunguliwe kila asubuhi, mawili yanayotazamana. Anayejenga nyumba mpya akumbuke matundu ya hewa chini ya paa. Jiko la mkaa lisilale chumbani pamoja na watu.

6. Vidonge vyeupe vya nafthalini visiwekwe katika nguo wala chumba cha mtoto mchanga. Wako watoto waliozaliwa na upungufu uitwao G6PD, unaoonekana sana katika nchi za malaria, na dawa hiyo huweza kuvunja damu yao.

7. Hayo yote yakiisha kufanyika, na fedha ipo, basi nunua kisanduku chenye feni ukipenda. Kiweke juu, mbali na watoto, kwa maana mafuta ya manukato si ya kunywa na betri ndogo si za kumeza. Mwenye pumu chumbani akikohoa, kizime. Hata manukato yenyewe huwasumbua wengine.

Mwenye nyumba asiyekuwa na shilingi ya manukato asijione maskini kwa ajili hiyo. Ikiwa godoro lake limepigwa na jua, madirisha yake yanatazamana, na dhahabu yake inachomwa mbali na watoto, amewapa jamaa yake kitu kisichouzwa dukani. Na jirani yako akiwa anachoma ndani, usimseme kisimani. Nenda kwake jioni ukamweleze taratibu, kwa kuwa huenda hajui. Na mvuke ukitoka kwake haubishi hodi kabla ya kuingia kwako.